Tuwafundishe Watoto Wetu Kutoa

Neno la msingi: 1 Wafalme 17:8–16

Somo la toleo hili ni lenu ninyi, akina baba na akina mama, mabibi na mababu mnaolea wajukuu, na walimu wa Shule ya Jumapili, lakini wanaohusika hasa ni watoto wetu wadogo, wa kuanzia miaka 3 hadi 12.

Hebu tuhesabu miaka. Mtoto aliyezaliwa baada ya tarehe 5 Oktoba 2017, siku Mocímboa da Praia iliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, hajawahi kuijua Cabo Delgado yenye amani kamili. Kimbunga Kenneth kilipoupiga mkoa wetu tarehe 25 Aprili 2019, alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Vita ilipofika hapa Mute mwezi Desemba 2020, alikuwa mgongoni kwa mama yake, au ameshikwa mkono na kukimbizwa gizani. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, wengi walikuwa njiani tena: wengine Quitunda, wengine porini, wengine kwenye mashua kwenda Pemba. Mtoto huyo amekulia kwenye foleni. Anaijua sauti ya lori la chakula. Anajua kwamba wageni wakija na madaftari, mama huingia ndani kutafuta kadi.

Hatumlaumu mtoto huyo, wala hatusemi kwamba kupokea ni dhambi. Bwana wetu mwenyewe alikimbizwa Misri akiwa mtoto mchanga (Mathayo 2:13–15), na alipokuwa mtu mzima alihudumiwa kwa mali za wanawake waliomfuata (Luka 8:3). Yeye alipokea. Lakini tujiulize: mtoto aliyeona kupokea tu tangu azaliwe, atajifunza wapi kutoa? Na nani atamfundisha kama si sisi?

1. MTOTO WA SAREPTA

Habari ya mjane wa Sarepta tumeihubiri mara nyingi. Mara nyingi tunamtazama Eliya, na mara nyingi tunamtazama mjane. Leo naomba tumtazame mtu wa tatu aliyekuwa katika nyumba ile, ambaye hatajwi jina: mtoto.

Eliya alikuwa mkimbizi. Alikuwa anatafutwa na mfalme Ahabu, akajificha penye kijito cha Kerithi hadi maji yakakauka. Ndipo Mungu alipomtuma Sarepta, mji wa Sidoni, nchi ya watu wa lugha nyingine na dini nyingine. Tungetegemea Mungu ampeleke kwa tajiri mwenye ghala. Akampeleka kwa mjane anayeokota kuni langoni mwa mji, aliyebakiwa na unga wa kujaa kiganja na mafuta kidogo. Mama yule alisema wazi kwamba anakwenda kupika chakula cha mwisho, ale yeye na mwanawe, kisha wafe.

Sasa mfikirie yule mtoto. Ana njaa. Anajua unga uliobaki ni kiasi gani, maana watoto wa nyumba zenye njaa hujua kilichomo chunguni kuliko wakubwa. Anamwona mama anaingia na mgeni asiyejulikana. Anamwona mama anapika mkate mdogo. Mkate unatoka motoni, na wa kwanza anakula mgeni.

Siku ile mtoto yule alijifunza kutoa. Hakuhubiriwa, wala hakukaririshwa mistari. Aliona kwa macho yake mkono wa mama ukipeleka chakula kwa mtu mwingine siku ambayo chakula kilikuwa kidogo kuliko siku zote. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Basi somo la kwanza ni hili: mtoto hujifunza kutoa kwa kutazama mikono yetu kabla ya kusikiliza midomo yetu.

2. JE, NI HAKI KUMWAMBIA MWENYE NJAA ATOE?

Najua wako akina mama wanaosoma hapa na kusema moyoni: maneno haya ni mazuri kanisani, lakini watoto wangu walilala bila kula juzi. Mgao ulipunguzwa, na mwaka 2025 mashirika mengi yalipungukiwa fedha baada ya Marekani kupunguza misaada yake. Nitoe nini?

Swali hilo ni la haki na halitaki jibu la haraka. Tusome tena maandiko kwa makini. Eliya hakumwambia mjane ampe yote. Alimwomba mkate mdogo kwanza, kisha mama ajitengenezee wake na wa mwanawe. Mjane hakumnyima mtoto wake ili aonekane mtu wa Mungu. Alimwongeza mgeni kwenye mlo. Kutoa kwa jinsi ya Sarepta ni kuongeza nafasi ya mtu mmoja penye chungu, hata kama tonge litakuwa dogo kwa kila mmoja.

Tena tusiwadanganye watoto. Yako mahubiri yanayosema: toa leo, kesho Mungu atakurudishia mara mia, gunia lako halitaisha. Nyumbani kwa mjane unga haukuisha kweli, kwa sababu Mungu aliahidi neno hilo kwa nyumba ile na kwa siku zile za ukame. Lakini sisi tunawajua watu waliogawa unga wao, na unga ukaisha. Tukimwambia mtoto kwamba ukitoa hutalala njaa, siku atakapolala njaa atasema Mungu ni mwongo au baba ni mwongo. Afadhali tumwambie ukweli: tunatoa kwa sababu mwenzetu ana njaa, na kwa sababu Mungu alitupa sisi kwanza. Yaliyobaki tunamwachia Mungu.

Mtume Paulo aliyaandikia makanisa juu ya ndugu wa Makedonia, waliotoa kwa ukarimu wakiwa katika umaskini mkubwa na dhiki nyingi (2 Wakorintho 8:1–5). Hakuwasifu kwa wingi wa fedha, maana hawakuwa nazo. Wazee wetu wa pwani walilijua jambo hilo waliposema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

3. TUWASIMULIE WATOTO WALIOTUPOKEA

Katika Kumbukumbu la Torati 24:19–22 Mungu anawaagiza Waisraeli wasirudie kuokota mganda waliousahau shambani, wala kupukutisha mizeituni mara ya pili. Mabaki hayo ni ya mgeni, yatima na mjane. Sababu aliyowapa ni kwamba wakumbuke walivyokuwa watumwa Misri. Yaani kutoa kunaanza na kukumbuka. Mtu asiyekumbuka mkono uliomshika hana sababu ya kumshika mwingine.

Basi tuwasimulie watoto wetu. Wanasikia habari za risasi na moto kila siku. Je, wanasikia habari za waliofungua milango?

Tuwasimulie habari za Paquitequete, mtaa wa zamani wa wavuvi kule Pemba. Mwezi Oktoba 2020 mashua zilifika pale mfululizo, zimejaa watu kutoka wilaya za kaskazini na visiwani. Katika majuma machache walishuka watu zaidi ya 10,000. Watu wa mtaa ule si matajiri, na walio wengi ni Waislamu. Nyumba yenye vyumba viwili iliingia familia mbili, tatu, na zaidi. Chungu kilichokuwa cha watu sita kikawa cha watu ishirini. Na haikuwa Paquitequete peke yake. Mwaka 2022 idadi ya waliokimbia makwao katika vita hii ilipita milioni 1, na walio wengi hawakupokewa kwenye mahema bali katika nyumba za ndugu, marafiki na hata watu wasiowajua. Mashirika yalikuja na malori, na tunawashukuru. Lakini mlango wa kwanza kufunguka ulikuwa wa maskini mwenzetu.

Tuwasimulie pia habari za mababu. Vita ya ukombozi ilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, maelfu ya watu wa Cabo Delgado walivuka mto Ruvuma kwenda Tanzania. Wengine walikaa na wenyeji wa mpakani, wengine walipelekwa Rutamba, mkoani Lindi, wakapewa ardhi wakalima. Walioondoka mikono mitupu walirudi baada ya uhuru wa mwaka 1975 wakiwa na watoto waliokulia kule. Baadhi ya watoto hao ndio babu na bibi wa leo. Kama yuko mmoja nyumbani kwako, mkalishe na wajukuu jioni, awaambie alikula nini siku ya kwanza ng'ambo ya mto, na nani alimpa.

Mtoto akisikia habari hizi ataelewa kwamba uhai wake ni sadaka ya watu wengi. Kutoka hapo kumwambia "na wewe gawa" hakutakuwa amri ngumu.

4. MTOTO ATOE KILICHO CHAKE

Jumapili nyingi tunafanya hivi: tukifika mlangoni mwa kanisa, baba anatoa sarafu ya metikali 5, anamwekea mtoto mkononi, na mtoto anaidumbukiza kwenye kapu. Si vibaya, mtoto anazoea ibada. Lakini hapo aliyetoa ni baba. Mtoto amekuwa tarishi tu. Sarafu haikuwa yake dakika moja kabla, na haimuumi inapoondoka.

Katika Yohana 6:5–13 mvulana mmoja alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili. Kilikuwa chakula chake mwenyewe. Andrea hakujua kitasaidia nini mbele ya watu wengi vile, lakini Bwana alikipokea. Hakumwambia mtoto asubiri akue. Naye mjane aliyetia senti mbili hekaluni (Marko 12:41–44) alisifiwa kwa sababu alitoa katika riziki yake. Kwa hiyo tuwasaidie watoto wawe na kitu chao, kisha tuwafundishe kukigawa.

Kwa mtoto wa miaka 3 au 4: mpe karanga kiganjani au kipande cha muhogo, umwambie ni chako. Kisha mwombe ampe dada yake kidogo. Akikataa, usimpige wala usimnyang'anye. Gawa cha kwako mbele yake, ujaribu tena kesho. Akigawa, mshukuru kama unavyomshukuru mtu mzima.

Kwa mtoto wa miaka 5 hadi 7: mtume apeleke sahani kwa jirani, lakini kabla ya hapo mwulize: nani leo hajapika? Mwache atazame moshi wa majiko ya majirani, afikiri, akujibu. Kuona shida ya mtu ni nusu ya sadaka. Mfundishe pia kupeleka kwa heshima: abishe hodi, aamkie shikamoo, apeleke kwa mikono miwili, arudi bila kusimamasimama akingoja sifa.

Kwa mtoto wa miaka 8 hadi 12: mpe mstari mmoja wa kunde shambani, au kifaranga kimoja, kiwe chake kabisa. Apalilie mwenyewe, alishe mwenyewe. Siku ya mavuno au kuku akianza kutaga, aamue mwenyewe atampa nani sehemu yake. Usimchagulie. Akimpa rafiki yake badala ya kanisa, nyamaza, maana amejifunza kutoa, na kanisa litapata siku yake.

Na kwa mtoto asiye na kitu kabisa: ana miguu na mikono. Petro hakuwa na fedha wala dhahabu alipokutana na kiwete pale mlangoni mwa hekalu (Matendo 3:1–8), lakini alikuwa na kitu cha kutoa. Ndoo moja ya maji kwa bibi asiyeweza kufika kisimani ni sadaka kamili. Kumshika mkono asiyeona mpaka kanisani ni sadaka kamili. Kumkaribisha mtoto mgeni kwenye mpira, yule ambaye wenzake wanamcheka kwa lafudhi yake, ni sadaka kamili.

5. MAMBO MATATU YA KUJIHADHARI NAYO

Kwanza, sadaka ya kujionyesha. Bwana alionya juu ya wanaotoa ili waonwe (Mathayo 6:1–4). Sisi tumezoea kupigwa picha tukiwa tumeshika gunia, na tunajua inavyouma kusimama pale. Basi tusiwafundishe watoto wetu kumfanyia mtu mwingine vivyo hivyo. Mtoto aliyempa mwenzake kalamu asitangaze darasani. Aliyepeleka unga kwa jirani asiuseme uwanjani watoto wakigombana.

Pili, sadaka ya kuchagua watu. Katika makazi yetu wako wenyeji waliorudi na wako waliokuja kutoka wilaya nyingine. Wako wenye kadi na wako wasio na kadi, ingawa njaa yao ni moja. Watoto husikia tunavyosemana kwenye foleni, nao hurudia maneno hayo hayo wanapocheza. Tuwe waangalifu. Neno sadaka ni letu pamoja na jirani zetu Waislamu, na wao huwaita watoto wa mtaa kula sadaka bila kuuliza huyu anasali wapi. Nasi tukipika Krismasi, sahani ya kwanza ivuke uzio. Msamaria hakuuliza kabila la mtu aliyelala njiani (Luka 10:30–37).

Tatu, na hili naomba lisomwe kwa sauti katika kila nyumba: msaada wenye bei si msaada. Wako watu wabaya wanaotumia njaa ya wengine. Mtu akimwambia binti au mvulana nitakupa mafuta, sabuni au nafasi kwenye orodha, lakini njoo peke yako, au usimwambie mama, huyo hatoi, ananunua. Mfundishe mtoto mapema kwamba zawadi ya kweli haifichwi kwa mama na haidai mwili wa mtu. Akiambiwa hivyo akimbie na kuja kusema, hata kama aliyesema ni mtu mwenye cheo, hata kama ni mtu wa kanisa. Nasi wazazi tumwamini na tusimpige. Mtoto anayejua kutoa bure ndiye anayeweza kutambua mara moja mtu anayetoa kwa bei.

6. KWA NINI JAMBO HILI NI KUBWA

Wapendwa, wengine watasema tuna matatizo makubwa kuliko kufundisha watoto kugawana karanga. Nawasihi tuangalie mbali. Mkoa huu umeona vijana wakivutwa kwa ahadi za fedha, wakaingia kwenye mambo ya kumwaga damu ya ndugu zao. Sababu ni nyingi, na hatuwezi kuzimaliza kwa somo moja. Lakini kijana aliyekua akijiona hana kitu wala si kitu, anayengoja tu nani atampa, huyo ni rahisi kununuliwa. Mtoto aliyewahi kumlisha mtu kwa kuku wake mwenyewe anajua jambo ambalo hakuna kadi inayoweza kumpa: kwamba yeye ni mtu, na wenzake wanamhitaji.

Vita imechukua nyumba, mashua na minazi yetu. Kimbunga Chido cha tarehe 15 Desemba 2024 kiliwaezulia mapaa ndugu zetu wa kusini mwa mkoa, kule Mecúfi. Mali hupotea. Tusiruhusu tupotezewe na hili la kuwa watoaji, maana ndilo urithi pekee ambao mtoto anaweza kukimbia nalo usiku bila kubeba mzigo.

Mjane wa Sarepta hakuwa na urithi wa kumwachia mwanawe. Alimwachia siku moja ya kukumbuka: mama alikata mkate mdogo, akampa mkimbizi kwanza. Nasi tufanye siku kama hiyo katika nyumba zetu, kabla jua la Jumapili ijayo halijatua.

MASWALI YA KUZUNGUMZA NYUMBANI NA KATIKA VIKUNDI

1. Nani alikuwa wa kwanza kutupa chakula tulipokimbia? Watoto wetu wanajua jina lake?
2. Kila mtoto nyumbani mwetu ana kitu gani kilicho chake kabisa?
3. Watoto walituona tukimpa nani kitu mwezi huu?
4. Ni jirani gani asiye na kadi tunayeweza kumwongeza kwenye chungu chetu?

SALA

Ee Mungu Baba, uliyemlisha Eliya kwa mkono wa mjane maskini, tunakushukuru kwa wote waliotufungulia milango. Wabariki wale wa dini yetu na wale wa dini nyingine. Watazame watoto wetu waliokulia kwenye foleni. Uwape mikono inayofunguka na mioyo isiyonunulika. Sisi wazazi utupe kutenda kile tunachowafundisha. Uwalinde na kila anayetaka kuwadhuru kwa jina la msaada. Uturudishie amani. Tunaomba kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.